Dago na dawa: somo kwa wavuvi na jamaa zao kabla ya safari ya kaskazi

Upepo wa kusi unapolegea na bahari kutulia, vijiji vya pwani ya Kwale huanza shughuli nyingine. Vanga, Gazi na Msambweni nyavu hushonwa, vyombo hukalafatiwa, injini hupelekwa kwa fundi, na mazungumzo ya barazani hugeukia bei ya samaki Malindi na hali ya maji ya Lamu. Kaskazi ikishika, kati ya Novemba na Desemba, baadhi ya wavuvi hung'oa nanga kwenda kupiga dago. Huweka kambi ya makuti ufukweni, mbali na kwao, iwe Kilifi, Ngomeni au visiwa vya Lamu, wakavua huko kwa wiki kadhaa au miezi, kisha wakarudi kabla kusi haijachafua bahari tena mwezi Aprili.

Mvuvi wa dago ni mtu wa maandalizi. Kwa kawaida hubeba barua kutoka BMU ya kwao ili apokewe na BMU ya anakofikia. Nahodha huhakikisha chombo kina leseni, maji ya kunywa, mafuta na tanga la akiba. Lakini barua ile ni ya chombo na nyavu. Mtu anayemeza dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV hupanda chomboni akiwa na vidonge vya wiki mbili na jina la zahanati moja tu kichwani, ile ya kijijini kwao. Vidonge vikiisha, dago bado lina miezi miwili.

Kule zahanati, daftari halijui kaskazi. Mgonjwa asipofika tarehe yake, na ya pili asifike, jina lake huwekwa alama ya mtu aliyepotea. Mhamasishaji wa afya ya jamii, yule ambaye wengi humwita CHP, hutumwa nyumbani kumtafuta, na anachoambiwa mlangoni ni maneno mawili: yuko dago. Kwa jamaa hilo ni jibu kamili. Kwa matibabu si jibu, maana muuguzi anataka kujua iwapo huko dago mtu huyo anameza dawa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga matibabu pale ambapo maisha yamegawanyika pande mbili kwa msimu. Mifano ni ya wavuvi, kwa sababu msimu wao unakaribia. Wafugaji wa Kinango na Lunga Lunga wanaohamisha mifugo kiangazi, na kina mama karanga wanaofuata samaki wanakoshuka, watajiona humo pia.

Ziara ya wiki mbili kabla ya kuondoka

Kazi yote hutegemea ziara moja, na ziara hiyo hufanywa nyumbani kabla ya safari. Wiki mbili kabla ya kuondoka ni muda unaofaa. Siku mbili hazitoshi, kwa sababu zahanati huenda isiwe na akiba ya kumpa mtu mmoja dawa za miezi mitatu papo hapo, na kipimo kikihitajika majibu huchukua siku. Mvuvi anayepita zahanati asubuhi ya safari, injini ikiwa tayari inanguruma ufukweni, atapewa kilichopo na ataondoka nacho.

Katika ziara hiyo mgonjwa ana mambo manne ya kusema: anakwenda wapi, anaondoka lini, anatarajia kurudi lini, na kama anajua kituo cha afya kilicho karibu na kambi. Anayekwenda wiki sita si sawa na anayekwenda miezi mitano. Wa kwanza huenda akahitaji dawa za kumtosha mpaka arudi. Wa pili anahitaji barua ya kumhamishia kituo kingine kwa muda, hata akipewa dawa za kuanzia.

Hapa pana jambo ambalo linapaswa kusemwa waziwazi. Wagonjwa wengi huficha safari. Wanaogopa kugombezwa, au wanaogopa kuambiwa wasiende, na dago ndilo linaloleta karo ya shule na bati la nyumba. Muuguzi anayemfokea mgonjwa kwa sababu ya safari hampati kubaki. Anachopata ni mgonjwa ambaye mwaka ujao hatasema lolote. Safari ya msimu ni riziki ya watu hawa tangu enzi za mababu, na kituo cha afya kinachohudumia kijiji cha wavuvi kina sababu ya kuuliza kila mgonjwa ifikapo Oktoba: je, mwaka huu unakwenda dago?

Barua ya mwili

Barua ya uhamisho, au hata karatasi ya kawaida yenye muhuri wa kituo, ina uzito kuliko maelezo ya mdomo. Mgonjwa akifika zahanati ya ugenini na kusema anatumia kidonge cheupe cha presha, muuguzi wa pale hana la kufanya ila kuanza upya. Vidonge vyeupe ni vingi. Karatasi iseme jina la ugonjwa, jina la dawa na nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, tarehe ya kuanza matibabu, majibu ya kipimo cha mwisho, dawa inayomdhuru kama ipo, na namba ya simu ya kituo kilichoandika. Namba hiyo ya simu ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo humwezesha muuguzi wa Lamu kumpigia mwenzake wa Kwale na kumaliza shaka kwa dakika tano.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 iliweka msingi wa rekodi za mgonjwa kumfuata kwa njia ya kompyuta popote aendapo. Hata hivyo vituo vingi vingali vinaandika kwa kalamu, na mtandao wa visiwani si wa kutegemea kila saa. Karatasi bado ina kazi.

Na karatasi huloa. Mabaharia huweka simu zao ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, na barua ya hospitali, kadi ya kliniki na kitambulisho vinaweza kukaa humo humo. Barua hiyo ipigwe picha kwa simu, kisha picha itumwe kwa mtu wa nyumbani, mke, kaka au mtoto mkubwa, kwa sababu simu ya mvuvi ina desturi ya kuzama. Pakiti tupu ya dawa nayo isitupwe. Jina lililochapishwa nyuma yake limewaokoa wengi waliopoteza karatasi.

Kifua kikuu hakingoji msimu

Katika magonjwa yote, TB ndiyo inayogongana vibaya zaidi na kaskazi. Tiba ya kifua kikuu cha kawaida ni ya miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa hutumia dawa 4 zilizounganishwa katika kidonge kimoja, na miezi 4 inayofuata hutumia dawa 2. Katika vituo vya serikali dawa hizo hutolewa bure.

Chukua mfano wa mvuvi anayeanza tiba mwanzoni mwa Novemba. Kufikia mwisho wa mwezi huo kikohozi kimepungua, hamu ya kula imerudi, suruali inaanza kumkaa. Desemba anajiona mzima. Mapema Januari, miezi miwili ikitimia, anatakiwa kupimwa makohozi ili ijulikane kama dawa zimefanya kazi na kama anaweza kuvushwa kwenye awamu ya pili. Januari hiyo hiyo bahari ni shwari kama kioo, wenzake wako Ngomeni wanapata, na tajiri mwenye chombo anampigia simu. Anakwenda. Vidonge vinaisha, hana kikohozi, na hamjui mtu wa hospitali ya huko. Anaacha.

Wadudu wa TB waliobaki mwilini ni wale waliostahimili dawa kwa muda mrefu kuliko wenzao. Wakizaana upya, dawa za mwanzo zinaweza zisiwaweze. Kifua kikuu sugu kinatibika, lakini kwa dawa kali zaidi, kwa ufuatiliaji wa karibu na mara nyingi kwa muda mrefu zaidi. Isitoshe, kambi ya dago ni kibanda kimoja ambamo watu wanane au kumi hulala bega kwa bega. Anayekohoa humo hakohoi peke yake.

Kwa sababu hiyo ushauri kwa mgonjwa aliye katika miezi 2 ya kwanza ni mgumu kidogo: asiende bado. Asubiri kipimo cha mwezi wa pili. Akivuka hapo na muuguzi akaridhika, safari inawezekana, kwa barua ya uhamisho na kadi yake ya TB mkononi, naye ajiandikishe katika kituo cha karibu na kambi ndani ya siku chache za kufika, dawa zikiwa bado zipo. Asingoje hadi kidonge cha mwisho. Kuna vipimo vingine vya makohozi karibu na mwisho wa tiba, katika mwezi wa 5 na wa 6, na kituo cha ugenini kinaweza kuvifanya.

Kila mgonjwa wa TB hutakiwa kuwa na mtu wa kumsimamia anapomeza dawa. Nyumbani huwa ni mke au mama. Dago, anayefaa ni nahodha au baharia mwenzake anayemwamini. Wengi huona aibu kumwambia nahodha. Lakini nahodha anayejua ataweka mgonjwa karibu na mlango wa kibanda penye upepo, atamkumbusha, na akisikia baharia mwingine anakohoa zaidi ya wiki mbili atajua la kufanya. Watu walioishi na mgonjwa nyumba moja, hasa watoto wa chini ya miaka 5, nao wapelekwe kuchunguzwa. Hilo lifanyike kabla baba hajaondoka, maana akishaondoka hakuna anayelikumbuka.

Insulini, barafu na mtungi

Mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge ana kazi ya kubeba tu. Anayejidunga insulini ana kazi ya ziada, kwa sababu insulini huharibiwa na joto na huharibiwa pia na baridi ya kugandisha. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji. Ile iliyoanza kutumika huweza kukaa nje kwa takriban wiki 4 mradi joto lisipande sana. Februari na Machi ni miezi ya joto kali pwani, na ndani ya kibanda au ndani ya chombo kilicho juani joto hupita kiasi hicho kwa urahisi.

Wavuvi wana barafu, na hapo ndipo kosa hutokea. Mtu huichukua insulini na kuitia katika sanduku la barafu pamoja na samaki, akidhani ameitunza vyema kuliko mtu mwingine yeyote kambini. Insulini iliyogusana na barafu huganda. Iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mgonjwa ataendelea kujidunga kila siku na sukari itaendelea kupanda, naye asijue sababu.

Njia iliyo salama zaidi ipo katika kila nyumba ya pwani: mtungi wa udongo. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu udongo hutoa jasho na jasho likikauka huondoa joto. Chupa ya insulini iwekwe katika kopo lililofungwa vizuri lisiingie maji, kopo liwekwe ndani ya mtungi, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Hautafikia baridi ya friji, lakini utaikinga chupa inayotumika na joto la mchana. Chupa za akiba ziombewe nafasi katika friji ya zahanati ya karibu au ya duka linaloaminika. Sindano zilizotumika zisizikwe mchangani wala zisitupwe baharini. Zikusanywe katika chupa ngumu ya plastiki na zirudishwe kituoni.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo katika vipeperushi vingi. Kuvuta nyavu ni kazi nzito, na kazi nzito hushusha sukari. Mtu aliyejidunga alfajiri kama kawaida, kisha akavuta nyavu saa nne bila kula, anaweza kuishiwa sukari katikati ya bahari. Hutetemeka, hutoka jasho jembamba, maneno yake hukatika, anaweza hata kuwa mkali bila sababu. Wenzake wakidhani amelevywa na bahari wakamlaza, wanaweza kumpoteza. Tende chache, sukari ndani ya chupa ya maji au soda ya kawaida humrudisha, akiwa bado anaweza kumeza. Akipoteza fahamu asitiwe kitu kinywani, chombo kigeuzwe na apelekwe hospitali. Kila baharia katika chombo chenye mwenzao wa kisukari anapaswa kulijua hili kabla ya kutoka.

Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia ndani ya kaskazi. Mwenye kisukari anayenuia kufunga aizungumzie saumu katika ile ile ziara ya wiki mbili kabla, kwa sababu kipimo cha dawa na saa za kuitumia huenda vikahitaji kubadilishwa.

Presha na ARV

Presha haina mengi ya kueleza, na pengine ndiyo maana huua wengi. Haiumi. Mtu akikosa dawa mwezi mzima hajisikii vibaya, mpaka siku kiharusi kinapompiga. Dawa zake hazihitaji friji, na mgonjwa ambaye presha yake imetulia anaweza kuomba apewe za miezi kadhaa. Wahamasishaji wengi wa afya ya jamii nchini walipewa vifaa vya kupima presha na sukari kuanzia mwaka wa 2023, na mgeni wa kambini ana haki ya kuuliza ni nani mhamasishaji wa kijiji hicho. BMU ya pale itamjua.

Kwa anayetumia ARV, utaratibu wa kutoa dawa za miezi 3 au zaidi kwa mtu ambaye hali yake imetulia tayari upo, na umewafaa sana watu wanaosafiri. Linalowatesa ni kibanda. Watu kumi wanaona nani anameza nini. Wapo wanaohamishia vidonge kwenye kopo lisilo na maandishi, jambo linalowaponza wanapoulizwa hospitalini wanatumia nini. Afadhali kopo lenyewe libaki, lebo ikunjwe ndani ya kadi, na saa ya kumeza ichaguliwe ambayo mtu huwa peke yake. Namba ya CCC iandikwe mahali pa siri au ihifadhiwe kwa simu, kwa maana kliniki nyingine ikiwa nayo huweza kumpa mgonjwa dawa za muda kama msafiri bila kumfuta kule kwao. Kugawana vidonge na mwenzako aliyeishiwa ni wema unaowaangusha wote wawili.

Nyumba iliyobaki, na mtoto aliyechukuliwa

Familia nyingine husafiri yote. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Desemba anatakiwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hesabu hiyo inaangukia 12 Januari, 9 Februari na 9 Machi. Ziara zote tatu ziko ndani ya msimu wa dago. Mama anayesubiri kurudi nyumbani Aprili atarudi na mtoto wa miezi minne ambaye hajapata kinga ya polio, ya nimonia wala ya kifaduro zaidi ya ile aliyopewa alipozaliwa. Chanjo ni zile zile katika kaunti zote, hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kijitabu cha mama na mtoto kinatambuliwa popote nchini. Kibebwe. Akichelewa tarehe, mtoto apelekwe tu. Ratiba huendelea ilipoishia, haianzi upya. Surua na rubela zina dozi ya miezi 9 na ya miezi 18, na ile ya pili ndiyo huachwa zaidi.

Mara nyingi, hata hivyo, anayekwenda ni mwanamume na mke hubaki, pengine akiwa na mimba. Hapo swali ni nani ataamua, na kwa pesa zipi. Mwongozo wa sasa unamtaka mama mjamzito ahudhurie kliniki mara 8. Uchungu ukimshika usiku, au damu ikatoka, hakuna wakati wa kumpigia mume simu ambaye yuko nje ya mtandao hadi alfajiri. Kabla ya kuondoka, mume na mke wakubaliane na mama mkwe au jirani: hospitali gani, gari la nani, dereva ana namba gani. Pesa za safari zibaki katika simu ya mke. Idhini ya kwenda hospitali itolewe mapema mbele ya wazee wa nyumba, ili asiwepo wa kusema tungoje mwenyewe. Saa zinazopotea katika kungoja ruhusa ndizo zinazogharimu maisha ya mama.

SHA: usajili na mchango

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Kadi ya zamani haitoshi. Ni lazima mtu ajisajili, kwa kupiga *147#, kupitia mtandao, au kwa kusaidiwa kituoni au na mhamasishaji, akiwa na kitambulisho. Mke na watoto huandikwa humo kama wategemezi, nao wakiachwa nje hawahesabiwi.

Tofauti moja huwachanganya wengi. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani kiwango cha 2 na cha 3, hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi kwa kila aliyesajiliwa, hata kama hajalipa mchango. Kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa hudai mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hupangiwa kiasi kulingana na hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau Sh3,600. Upo pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wasio na fungu hilo kwa mkupuo.

Kwa mvuvi, malipo ya mwaka kwa pamoja si lazima yawe mzigo. Kaskazi huleta fedha na kusi huzikausha. Anayelipa Februari, mfuko ukiwa na kitu, huwa amejilinda yeye na waliobaki nyumbani hadi Februari nyingine, pamoja na miezi ya njaa. Anayengoja augue mwezi wa Juni atakuta hana.

Usajili ufanywe kwa namba ya simu anayoitumia mwenyewe. Wapo waliosajiliwa kwa simu ya binamu aliye Mombasa, na ujumbe wa uthibitisho huishia huko.

Dharura ugenini

Afya ni kazi ya kaunti, lakini mgonjwa haulizwi kaunti yake mlangoni. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mvuvi wa Kwale aliyeumia Kilifi ana haki ile ile ya mwenyeji.

Siku ya kwanza kambini, kabla ya nyavu kushuka, nahodha aulize mambo mawili: zahanati ya karibu iko wapi na hufungwa saa ngapi, na hospitali yenye daktari usiku ni ipi. Aliye upande wa Kizingitini ana Hospitali ya Faza katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ilhali Hospitali ya King Fahd iko mji wa Lamu na kuifikia ni kwa boti, kutegemea maji na upepo. Aliye upande wa Ngomeni atatazama Malindi. Safari hizo zina gharama, na chombo kisicho na mafuta ya akiba kwa mgonjwa hakijajiandaa.

Tarehe za kliniki na mwezi wa angani

Kliniki huhesabu kwa kalenda ya ukutani. Bahari huhesabu kwa bamvua na maji mafu, na wanaovua usiku kwa taa hupumzika siku za mbalamwezi. Mgonjwa akipewa tarehe inayoangukia katikati ya siku za kuvua, hatafika, na wote wawili, yeye na muuguzi, wanajua hatafika. Tarehe si amri. Anaweza kuomba isogezwe siku tatu nne mbele au nyuma ili iangukie siku za mapumziko, mradi vidonge vinatosha kufika hapo. Muuguzi anayekubali kuchungulia mwezi kabla ya kuandika tarehe hupata wagonjwa wanaofika.

Aprili, vyombo vinaporudi

Mvuvi anayerudi ana karatasi nyingine ya kubeba. Kituo kilichomhudumia ugenini kiandike alichompa: dawa gani, lini, presha ilikuwa ngapi, makohozi yalionyesha nini. Bila karatasi hiyo zahanati ya nyumbani itaona pengo la miezi minne na kumtendea kama aliyeacha dawa. Aliyehamishiwa kule kwa ARV au TB arudishwe rasmi, asibaki na faili mbili zinazomhesabu kama watu wawili.

Karatasi hiyo huombwa kabla ya siku ya kuvunja kambi. Siku yenyewe kila mtu yumo katika kukunja nyavu na kugawana mapato, na zahanati, kama ilivyo desturi yake, itakuwa imefungwa kabla ya mwenye shida kukumbuka.